Kabla ya Kukipiga Kisu Picha, Tazama Dari

Hotuba kwa wahunzi na wapiga picha, asubuhi ya maonyesho ya visu vya mkono, Mwanjelwa, Mbeya. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi, pamoja na baadhi ya maswali ya ukumbini.

Mgeni rasmi, wazee wangu wahunzi, akina mama mliokuja na visu vya jikoni kutoka Tukuyu na Makete, na ninyi vijana wa kamera mliojibanza nyuma kana kwamba viti vya mbele vina moto: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe, ugonile.

Waandaaji wameniomba niseme machache kuhusu picha. Mnajua wenyewe mtu akishika kipaza sauti hayo machache yanakuwaje. Nitajibana, kwa sababu wateja wakianza kumiminika hakuna atakayenisikiliza, na hata mimi sitajisikiliza. Neno langu ni moja: picha ya kisu kwenye ukumbi uliojaa watu inaharibika au inatengenezeka kabla mteja wa kwanza hajaingia. Ukisubiri watu wajae ndipo utafute pa kuweka kamera, umechelewa.

Inueni vichwa mtazame dari. Kuna mabati. Kuna taa za tyubu, nyingine nyeupe, nyingine imeanza kuwa ya njano. Kuna vitambaa vya mapambo, kijani na njano, na upande ule wametundika turubai la bluu kuzuia upepo wa Agosti. Sasa shika kisu chochote kilichong'arishwa vizuri, kilaze mezani, kitazame kutoka juu. Unaona tyubu. Unaona turubai. Ukiinama zaidi unaiona pua yako. Kamera nayo inaona hayo hayo, ila macho yako yamezoea kuyapuuza na kamera haipuuzi kitu. Mtu anayepiga picha kikapu anapiga kikapu. Anayepiga picha kisu, sehemu kubwa ya picha yake ni ukumbi.

Jambo hili wala si la kubishania. Mwanga ukigonga chuma kilichong'arishwa unaruka kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Kwa hiyo popote utakapoiweka kamera, kuna kipande kimoja tu cha ukumbi ambacho ubapa ulionyooka unakirudisha kwenye lenzi. Kipande hicho kikiwa cheupe, ubapa unatoka mweupe. Kikiwa cheusi, unatoka mweusi. Kikiwa shati lako la mistari, basi umemuuzia mteja kisu chenye mistari na vifungo vinne. Ndiyo maana kijana anaongeza taa, anaongeza nyingine, na ubapa bado mweusi tii: taa zake zinamulika kisu, lakini hakuna hata moja iliyokaa pale ambapo kisu kinatazama.

Mzee wangu wa Vwawa, kwa ruhusa yako naomba kile kisu. Asante. Naomba wote mwone nilivyokipokea: yeye amekiweka mezani, akaachia, ndipo nikakishika mpini. Hatupokezani makali mkono kwa mkono, hata kama tunafahamiana tangu utotoni.

Kisu hiki ni damaski. Mzee amechukua tupa kuukuu, akachukua na vipande vya msumeno wa utepe, ile misumeno mipana inayopasua magogo kule Mafinga, akavipanga tabaka kwa tabaka, akavichomelea kwa moto na nyundo, akakunja, akapiga tena. Chuma cha tupa kina kaboni nyingi. Chuma cha misumeno mingi ya namna ile kina nikeli ndani yake, kiasi cha asilimia 2 kwa ile aina ambayo wahunzi wa Marekani wanaiita 15N20. Alipomaliza kukinoa na kukisugua alikichovya kwenye feriki kloraidi, dawa ileile ambayo mafundi wa elektroniki wanaitumia kuondoa shaba kwenye bodi za saketi. Tabaka la tupa likaliwa, likawa jeusi. Tabaka la nikeli likagoma kuliwa, likabaki linang'aa. Hayo mawimbi mnayoyaona si rangi iliyopakwa, ni ugomvi wa vyuma viwili.

Na watu wa Mbozi msishangae sana habari za nikeli. Pale Ndolezi mnayo ya kutosha. Kile kimondo cha tani zaidi ya kumi ni chuma chenye nikeli kiasi cha asilimia 8 hadi 9, na vimondo vya aina ile vikikatwa na kupakwa tindikali huonyesha mistari inayokatizana, ambayo imejichora kwa chuma kupoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Mzee amefanya kazi ya kufanana nayo kwa wiki chache. Mpigieni makofi. (Makofi.)

Turudi kwenye picha. Kijana mwenye koti jekundu, njoo. Kwanza vua hilo koti. Sikutanii: ukiinama hapa na koti jekundu, kisu kitakuwa chekundu. Mpiga picha wa visu anavaa nguo nyeusi au ya kijivu, na saa ya mkononi anaivua. Haya, shika karatasi hii nyeupe, isimamishe upande wa mgongo wa kisu, mbali na makali. Taa yangu inaipiga karatasi, haikipigi kisu. Tazameni kwenye skrini. Ubapa sasa hivi ni mweusi, mawimbi yamefifia. Inamisha karatasi kuelekea kwenye kamera. Taratibu. Taratibu tena. Hapo! Mmeona? Matabaka ya nikeli yamewaka, ya tupa yamebaki meusi, na kazi yote ya mzee imesimama. Sasa endelea kuinamisha. Mnaona inavyochujuka? Karatasi yote ikiwaka sawasawa, ubapa nao unakuwa mweupe bapa kama umekatwa kwenye boksi la viatu, umbo lote limekufa. Rudi kidogo, na taa tuisogeze ipige upande mmoja wa karatasi zaidi ya mwingine. Hiyo ndiyo picha. Mwanga unaanza mkali kwenye mgongo, unashuka kijivukijivu kuelekea makali, na pale ubapa unapoanza kukondeana kwenda kwenye makali unapata mstari uliokatwa safi. Ule mstari ndio mnunuzi mzoefu anautazama kwanza. Ukiwa umeyumba, anajua mkono wa fundi uliyumba.

Hatujagusa kamera, hatujabadilisha taa. Tumebadilisha kile ambacho kisu kinakiona.

Visu visivyong'arishwa kama kioo, vile vilivyosuguliwa kwa msasa wa mkono mpaka vikabaki na mistari myembamba inayokimbia kutoka mpini hadi ncha, vina tabia nyingine. Ile mistari inatawanya mwanga kwa upana wa ubapa, haiutawanyi kwa urefu wake. Kwa hiyo taa ikikaa upande wa mgongo, ubapa mzima unapokea. Ukiiweka taa upande wa ncha, unapata kidoa kimoja kinachowaka na kwingine giza, halafu unailaumu kamera. Wahunzi wengi hapa mnamalizia kazi kwa msasa wa mkono, kwa hiyo likumbukeni hili kuliko hata lile la damaski.

Sehemu zilizopinda ndizo mtihani. Shingo ya shaba kati ya ubapa na mpini, vichwa vya riveti, visu vyenye tumbo. Hizo zinafanya kama mgongo wa kijiko: zinakusanya ukumbi mzima pamoja na wewe mwenyewe na kuwatia kwenye kidoa kimoja. Huwezi kuzidanganya kwa karatasi moja. Hapo dawa ni kukizungushia kisu weupe pande zote. Chukua katoni, toboa madirisha makubwa pembeni na juu, ziba madirisha kwa karatasi ile nyepesi wanayotumia wachora ramani, acha tundu la lenzi tu. Taa zinakaa nje ya katoni. Watu wanauza mahema ya namna hiyo kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya wazee. Katoni ya runinga inatosha, na ile fomu nyeupe nyepesi inayokinga runinga ndani yake usiitupe, ni reflekta, yaani kirudisha mwanga, nzuri kuliko nyingi za dukani.

Kuna anayetaka kuniuliza habari za kichujio cha polaraiza, kile kioo kinachovishwa lenzi ili kukata mng'ao. Kwenye chuma tupu hakikusaidii, mng'ao wa chuma haukatiki kwa njia hiyo. Kwenye mpini wa mninga uliopakwa vanishi kinasaidia sana, unaona nyuzi za mti zilizokuwa zimefunikwa na mng'ao.

Sasa tuje kwenye vurugu. Kwenye studio una ukimya. Hapa sakafu inatikisika, mtoto anapita chini ya meza, mteja anaegemea meza yako akiulizia bei ya kisu cha jirani. Atlanta kule Marekani, kila Juni wanafanya onyesho la visu lenye mamia ya meza, na wapiga picha wanafunga studio ndogo pembeni ya ukumbi, wahunzi wanaleta visu kwa zamu. Si kwamba kuna utulivu. Wanachofanya ni kuufuta ukumbi, na sisi tunaweza kuufuta pia.

Unaufuta kwa fleshi. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwenye 100, tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu linabana), shata 1/160 ya sekunde. Zima fleshi, piga picha moja. Inatakiwa itoke nyeusi kabisa, hata kisu kisionekane. Ikitoka nyeusi, maana yake tyubu, mabati na turubai la bluu havina mchango wowote kwenye picha yako. Kisha washa fleshi, ielekeze kwenye karatasi nyeupe au kwenye ukuta wa katoni, piga. Mwanga wote sasa ni wako. Na kwa kuwa fleshi ndogo inawaka kwa muda mfupi sana, aghalabu chini ya 1/1000 ya sekunde, hata mtu akigonga meza picha inabaki kali. Inatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika saa sita mchana ukumbi utapiga kelele na wewe utaendelea na kazi. Ikiwa picha ya majaribio haikutoka nyeusi, usifungue kazi. Sogeza meza mbali na dirisha, au ziba juu kwa kitambaa cheusi.

Wasio na fleshi, wenye taa za LED za kuwaka muda wote, wajihadhari na kitu kingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: unapata mikanda ya giza iliyokatiza ubapa, na kwenye damaski mteja anaweza kudhani ni sehemu ya nakshi. Tumia shata 1/50 au 1/100, mikanda itatulia. Na usichanganye taa. Tyubu ya ukumbi ikichanganyika na taa yako, mpini wa mninga unatoka wa kijani upande mmoja na wa machungwa upande mwingine, na hakuna programu itakayourudisha sawa. Piga picha moja yenye kadi ya kijivu kando ya kisu, ndiyo itakayokusaidia kurekebisha rangi baadaye.

Kamera iwe sambamba na ubapa, juu yake moja kwa moja. Ikiinama, ncha inakuwa kali na mpini unafifia, au kinyume chake. Ukikutana na mpini mnene kuliko ubapa, f/11 inatosha mara nyingi, f/16 ukibanwa. Usikimbilie f/22 ukidhani unaongeza ukali. Ukibana tundu kupita kiasi, mwanga unatawanyika kwenye kingo zake na picha nzima inalegea. Kisu kikigoma kukaa wima weka kipande cha plastisini ya watoto nyuma yake, mahali ambapo kamera haifiki.

Kuhusu usafi nitasema kwa ukali, wazee mnisamehe. Alama ya kidole kwenye chuma cha kaboni si uchafu wa picha tu. Jasho lina chumvi, na chuma kama hiki kikiguswa asubuhi jioni kinaweza kuwa kimeanza kutu kwa umbo la kidole gumba. Wateja watavishika visu vyenu siku nzima, hamuwezi kuwazuia, lakini kisu kinachokwenda kwenye picha kiende kabla hakijashikwa. Kifute kwa kitambaa laini cha miwani, uvae glavu za pamba, na ukimaliza tone la mafuta ya cherehani lipake jembamba. Jembamba! Mafuta mengi yanaonekana kwenye picha kama kisu kimetoka kukaangia samaki. Na kwa baridi hii, kisu kilicholala kwenye buti la gari kikiingia ukumbini kinavaa ukungu. Usikimbilie kukifuta, utaacha michirizi. Kiache mezani kipate joto la humu ndani.

Hili la muda limewagharimu wahunzi wetu kuliko lenzi yoyote. Kisu bora ndicho kinachouzwa kwanza. Mteja anayejua anaingia mapema, anazunguka meza zote kwa haraka, analipa, na ikifika saa tano kisu kile kiko kwenye begi kinaelekea Makambako. Fundi anabaki na pesa, ambayo ni nzuri, lakini hana cha kumwonyesha mteja wa mwakani isipokuwa maneno. Kwa hiyo leteni kisu chenu bora kwa mpiga picha kabla hamjakitandika mezani. Mhunzi mwenye visu vinane asiniletee vinane, aniletee viwili. Nikivipiga vyote haraka haraka, vyote vitakuwa picha za kuombea kura.

Na ninyi wa kamera, wekeni utaratibu. Picha ya kwanza ya kila kisu ni kikaratasi chenye jina la fundi na namba yake ya simu, kilichoandikwa kwa kalamu nene. Halafu ndiyo kisu. Mchana, ukiwa na picha za mafundi ishirini na visu vyote vyenye mpini mweusi wa mpingo, utakishukuru kile kikaratasi. Piga upande wa kulia, upande wa kushoto, mgongo, shingo kwa karibu, kisha alama ya fundi. Picha moja iwe na rula, maana kisu kisicho na kipimo kinaweza kuwa cha kumenyea vitunguu au cha kuchinjia ng'ombe.

Alama ya fundi msiidharau. Nyanda hizi zimefua chuma tangu zamani. Wafipa walisimamisha malungu, tanuri za udongo za kwenda juu kiasi cha mita 3, zilizojivutia hewa zenyewe bila mivuo ya kupulizia moto, kisha wakakisafisha chuma kwenye tanuri ndogo ya mivuo. Wanyiha waliyeyusha. Wakinga wa milima ya Livingstone walifua majembe ambayo Wanyakyusa wa bondeni waliyategemea. Majembe na visu vya kazi ile vingine bado vipo, lakini shika kimoja umtafute aliyekifua: hutapata hata herufi. Tunasema "cha Wakinga", tunaishia hapo. Leo kuna tindo, kuna mhuri, kuna stensili na betri ya pikipiki ya kuchomea herufi. Fundi anayeuza kisu bila alama, sijui anamwachia nani sifa. Na alama yenyewe ni ndogo, haionekani kwenye picha ya kisu kizima. Isogelee kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, taa uilaze chini sana pembeni ili mashimo ya herufi yatupe kivuli.

Nimalizie na kompyuta. Vumbi futa, hata mimi nafuta. Unyoya wa kitambaa, futa. Lakini mkwaruzo uliomo kwenye chuma, nyufa ya mpini, pengo kati ya shingo na ubapa, hivyo ni vya kisu, si vya picha. Mteja wa Dar es Salaam au wa ng'ambo ananunua kwa macho yako. Akifungua kifurushi akakuta mkwaruzo uliofutwa, hatamdai mpiga picha, atamdai fundi. Wala msikazie rangi mpaka mpingo ukawa shimo jeusi; mpingo mzuri una hudhurungi ndani yake na nyuzi unaweza kuzihesabu. Na picha haisemi kila kitu. Chama cha wahunzi wa visu Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Bill Moran, hakimpandishi mtu daraja kwa picha. Kisu chake kinakata kamba inayoning'inia, kinakata ubao mara mbili, kinabaki na makali ya kunyoa nywele za mkono, mwishowe kinakunjwa nyuzi 90 kwenye jiriwa bila kuvunjika. Hakuna lenzi ya hayo.

(Hapo maswali yakaanza.)

Kijana mmoja aliuliza kama inafaa kuweka damu ya bandia na risasi pembeni ya kisu ili picha ipate watazamaji wengi. Nikamjibu: watazamaji utawapata, mnunuzi atakimbia. Mama anayetafuta kisu cha kukatia nyama ya nguruwe pale anapouzia kitimoto chake hataki kuona maiti. Mandhari iwe ya kijivu au nyeusi isiyong'aa. Kitenge nacho hapana, tena nakipenda kitenge, lakini maua yake yanaingia kwenye chuma na mpini unapotea katikati yake. Kisu cha jikoni kikikaa juu ya ubao wa kukatia, na kitunguu kimoja, sina ugomvi nacho.

Mama wa Makete aliuliza: picha zikishapigwa ni za nani, maana mwaka jana aliona kisu chake kwenye tangazo la mtu asiyemjua. Mama yangu, pole. Picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya COSOTA ipo kwa ajili ya mambo hayo. Lakini mkubaliane mapema, wewe na mpiga picha, kwa maandishi hata ya nusu ukurasa: nani ataitumia, wapi, na jina la fundi litaandikwa pembeni yake. Na picha mkitumiana kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na matabaka ya damaski ndiyo yanayokufa kwanza.

Mzee mmoja wa Uyole akasimama na simu yake: "Mwanangu, umetaja fleshi, umetaja makro, umetaja kadi ya kijivu. Mimi nina hii tu. Nirudi nyumbani?"

Shikamoo mzee. Usirudi. Mlima Loleza uko upande ule, ndiyo kaskazini. Mwezi huu wa nane jua letu linapita upande huohuo wa Loleza, kwa sababu sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Maana yake dirisha linalotazama kinyume na Loleza halipigwi na jua tangu asubuhi hadi jioni, linaingiza mwanga laini tu. Desemba mambo yanageuka, lakini leo ndivyo lilivyo. Weka meza chini ya dirisha hilo, laza kisu, mgongo wake uelekee dirishani. Bandika karatasi nyeupe kwenye kioo, kisu kione karatasi badala ya magari ya nje. Fomu nyeupe isimame upande wa makali kurudisha mwanga kidogo. Simu ikae kwenye stendi, usiisogeze karibu sana, maana lenzi yake pana inavimbisha kilicho karibu na ncha itaonekana kama jambia. Rudi nyuma, tumia ile alama ya 2x. Gusa skrini penye ubapa ili ipime mwanga hapo, ishushe kidogo isiungue. Weka kipima muda cha sekunde mbili, bonyeza, toa mkono.

Dirisha lenyewe ni lile la pili kutoka mlangoni. Wahi, mzee, naona watu wa chai wanataka kuweka majiko yao pale.